Walioketi kwa Niaba Yetu: Kanisa na Baraza la Kutunga Sheria la Kenya

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Mwafrika wa kwanza aliingia humo kama mjumbe mwezi Oktoba 1944. Katika miaka hiyo 37 zilitungwa sheria za ardhi, za kodi, za kazi na za kipande, na wale waliobebeshwa mzigo wa sheria hizo hawakuwa na mtu wao ndani ya chumba. Hata hivyo serikali haikukubali kwamba imewasahau. Kuanzia mwaka 1924 walikuwa na mtu wa kuwasemea, na mtu huyo alitoka kanisani.

Ukurasa huu wa historia unatuhusu sisi Wakristo kwa namna ya pekee. Hatuufungui ili kuwahukumu watu ambao Mungu amekwisha kuwaita. Tunaufungua kwa sababu katika kila kanisa, hata leo, wapo watu wanaoamuliwa mambo yao na watu wengine wanaowapenda. Swali la insha hii ni kama upendo huo unatosha.

Onyo la mwaka 1919

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walowezi wa Kizungu walihitaji vibarua wengi katika mashamba yao. Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa wa wilaya na machifu wawahimize watu waende kufanya kazi mashambani. Kila aliyeishi chini ya chifu alijua maana ya kuhimizwa namna hiyo. Chifu akihimiza, hukatai.

Viongozi watatu wa misheni walijibu kwa maandishi: Askofu Heywood wa Mombasa, Askofu Willis wa Uganda, na Dkt. John Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland iliyokuwa Kikuyu. Waliona hatari ya waraka ule, wakasema waziwazi kwamba himizo la namna hiyo litageuka kuwa nguvu. Lakini dawa waliyoipendekeza ilikuwa ya ajabu. Waliona ni afadhali kazi ya lazima iwekwe wazi katika sheria, yenye mipaka na ulinzi, kuliko kuachwa ifanywe kwa siri. Kwao huo ulikuwa wema wenye busara, kwani walikuwa wanapunguza ukali.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu ambaye yeye mwenyewe angetolewa shambani kwake wakati wa kupanda, akamwacha mke na watoto, asingeanza na swali la jinsi ya kuweka mipaka ya kazi ya lazima. Angeanza na swali la haki ya kumlazimisha. Swali hilo liliulizwa na Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Alikataa msimamo wa wenzake, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu kilichosema kwamba kumlazimisha mtu kazi ni kinyume cha imani ya Kikristo. Kelele zilipozidi huko Uingereza, mwaka 1921 serikali ya London iliagiza maofisa wake waache kuwatafutia walowezi vibarua.

Tazama basi jinsi jambo lilivyokwenda. Maaskofu walibishana wao kwa wao, na wanasiasa wa London wakaamua. Kibarua mwenyewe hakuulizwa wakati wowote, wala na waliomtetea vibaya, wala na aliyemtetea vizuri.

Walikuwa na sauti

Huwa tunasema kwamba kanisa ni sauti ya wasio na sauti. Ni maneno mazuri, lakini historia inatuonya tuyatumie kwa uangalifu, maana wengi tunaowaita hivyo sauti wanayo. Wanachokosa ni kiti.

Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyesoma katika shule ya misheni ya Kambui na kufanya kazi ya karani wa simu Nairobi, aliwakusanya watu walioumizwa na kodi, kipande na mishahara iliyopunguzwa. Wakapeleka malalamiko yao London kwa simu ya maandishi, bila kupitia kwa gavana. Katika maazimio yao hawakuwatukana wamisionari. Waliwataja kuwa rafiki zao wakubwa, na baada yao wakawataja Wahindi. Waliwapenda waliowasemea, na bado walitaka kusema wenyewe.

Serikali ilimkamata Thuku mwezi Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kumdai. Wanaume walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama akawasuta kwa woga wao, na wanawake wenzake wakapiga vigelegele. Polisi walifyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa Kismayu, akazuiliwa karibu miaka 9 bila kesi mahakamani. Watu walionyimwa nafasi barazani walisemea barabarani, na walijibiwa kwa risasi.

Kiti cha msemaji

Mwaka uliofuata, 1923, palikuwa na mgogoro mkubwa kati ya walowezi na Wahindi. Walowezi walikuwa wamepewa haki ya kuchagua wajumbe wao tangu 1920, na Wahindi wakadai usawa nao. Pande zote mbili zilipeleka wajumbe London. Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire, akatoa tamko lililotikisa wengi: Kenya ni nchi ya Waafrika, na yakigongana masilahi ya Waafrika na ya wageni, ya Waafrika yatangulie.

Baada ya tamko hilo vikagawanywa viti. Wazungu, ambao hawakufika 10,000, walibaki na wajumbe 11 wa kuchaguliwa. Wahindi, ambao walizidi 20,000, walipewa 5. Waarabu walipewa 1. Waafrika, waliozidi milioni 2, ambao masilahi yao ndiyo yaliyotangazwa kuwa ya kwanza, hawakupewa mjumbe wa kuchagua. Waliwekewa mmisionari mmoja wa kuteuliwa na gavana awasemee, na baadaye wasemaji wakawa wawili. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Dkt. John Arthur.

Arthur hakuwa mtu mbaya. Alifika Kikuyu mwaka 1907 akiwa daktari, akatibu wagonjwa, akasimamia shule, akaongoza kanisa. Alikuwa mmoja wa waliosukuma umoja wa misheni za Kiprotestanti, uliozaa Shule ya Upili ya Alliance mwaka 1926. Kama wema wa mtu ungeweza kujaza nafasi ya mtu mwingine, Arthur angeweza.

Lakini tuangalie kiti chenyewe kilivyotengenezwa. Aliyemweka pale ni gavana, kwa hiyo aliyeweza kumwondoa ni gavana. Wale aliowasemea hawakuwa na njia ya kumwuliza amesema nini, wala ya kumwambia amekosea, wala ya kumbadilisha. Mambo yakienda vizuri, upungufu huo hauonekani. Siku ya kutokubaliana ndipo unapoonekana.

Siku hiyo ilifika mwaka 1929. Misheni ya Arthur na misheni nyingine za eneo la Kikuyu zilitaka washirika waweke ahadi ya kuacha tohara ya wanawake na kukitenga Chama cha Kikuyu, KCA. Arthur alikuwa ameyaona madhara ya mila ile kwa macho ya daktari, na madhara hayo yalikuwa ya kweli. Lakini maelfu ya washirika waliona wanaamriwa, wakatoka. Shule zikabaki tupu, na wengi wakaanzisha shule na makanisa yao ya kujitegemea. Mwaka huo huo KCA ilimpeleka Johnstone Kenyatta London kueleza madai ya watu wake juu ya ardhi na uwakilishi. Kenyatta alikuwa amebatizwa mwaka 1914 katika misheni ile ile ya Arthur. Mtoto wa kanisa alivuka bahari kwenda kujisemea, na msemaji aliyeteuliwa yupo nyumbani.

Kuna jambo jingine katika mgogoro ule ambalo ni rahisi kulipita. Wamisionari walisema juu ya miili ya wanawake. Viongozi wa KCA nao walisema juu ya miili ya wanawake. Pande zote mbili zilikuwa za wanaume, na kila upande ulidai kuwalinda. Kwa hiyo hata wale waliokuwa wakililia kiti barazani walikuwa na watu wao wenyewe ambao hawakuwapa kiti.

Mathu na Beecher

Mwezi Oktoba 1944 Eliud Mathu aliteuliwa kuingia barazani. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance, akaendelea na masomo Fort Hare, Afrika Kusini, na Oxford, Uingereza, kisha akawa mwalimu. Tuseme ukweli kwa haki: kanisa lililomkalia Mwafrika kiti ndilo pia lililomfundisha aliyekuja kukichukua. Mwezi huo huo Waafrika waliunda chama cha kumwunga mkono, ambacho baadaye kilijulikana kama KAU. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Harry Thuku.

Mathu alimkuta barazani Leonard Beecher, kasisi wa Anglikana aliyekuwa akiwasemea Waafrika tangu 1943. Beecher alikuwa mwalimu, alikijua Kikuyu vizuri, na watu walimheshimu. Mwaka 1949 aliongoza kamati iliyoandika taarifa ya elimu ya Waafrika. Taarifa ile ilitaka usimamizi mkali zaidi wa shule na mchujo wa mapema, ambao ungewaacha watoto wengi nje baada ya miaka minne ya kwanza ya masomo. Machoni pake huo ulikuwa mpango wa kulinda ubora kwa fedha zilizopo. Machoni pa wazazi, mlango ulikuwa unafungwa mbele ya watoto wao. Waafrika wengi waliipinga vikali, hasa watu wa shule za kujitegemea, lakini baraza likaipitisha mwaka 1950.

Wakati huo Waafrika barazani walikuwa wamefika wanne, wote wa kuteuliwa, kwa watu zaidi ya milioni 5. Wazungu karibu 30,000 walikuwa na wajumbe 11 wa kuchaguliwa. Mathu alisema vizuri na kwa ujasiri, lakini kusikika si sawa na kuhesabika. Mtu mmoja au wanne katika chumba kikubwa wanaweza kusifiwa kwa hotuba zao, kisha kura zikapigwa kana kwamba hawakusema. Zaidi ya hayo, kuwapo kwao huwapa wengine nafasi ya kusema kwamba hakuna aliyeachwa nje.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulifanyika mwezi Machi 1957, viti 8. Hata hapo si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Kulikuwa na masharti ya elimu, mapato na mali, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na kura hadi 3. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wathibitishwe kuwa watiifu kwa serikali. Wote 8 waliochaguliwa walikuwa wanaume. Katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, mwaka 1962, kati ya wajumbe wengi Waafrika alikuwamo mwanamke Mwafrika mmoja tu, Priscilla Abwao. Bunge la uhuru la 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, mpaka Grace Onyango aliposhinda kiti cha mji wa Kisumu mwaka 1969. Katiba ya mwaka 2010 ilisema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza jambo hilo, hata mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje.

Kanisa lenyewe je?

Itakuwa rahisi kwetu kuilaumu serikali ya kikoloni na kuishia hapo. Lakini kanisa lilikuwa na mabaraza yake. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwabariki William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Walikuwa Waafrika waliookolewa utumwani, na walikuwa wakilea makanisa ya Rabai na Frere Town kabla ya wamisionari wengi tunaowakumbuka kwa majina. Maaskofu wa kwanza Waafrika wa Anglikana nchini Kenya, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, waliwekwa wakfu mwaka 1955. Kati ya shemasi na askofu ilipita miaka 70. Kanisa la Presbiteri lilipata Moderata wake wa kwanza Mwafrika, Charles Muhoro Kareri, mwaka 1961, na mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Mwafrika alihubiri, alibatiza, alizika na kutembea maili nyingi kwa miguu kwa ajili ya Injili miaka mingi kabla ya kuaminiwa kukaa mahali pa kuamua.

Wale saba

Kanisa la kwanza kabisa lilikutana na shida hii mapema. Tunaisoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kulikuwa na Wayahudi waliosema Kiebrania, wenyeji, na Wayahudi waliosema Kiyunani, wengi wao wenye asili ya nchi za mbali. Wajane wa kundi hili la pili walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Watu wakanung'unika.

Mitume walikuwa na njia nyingi za kujibu. Wangeweza kusema kwamba katika Kristo hakuna makabila, kwa hiyo yanayosemwa ni fitina. Wangeweza kuahidi kwamba wao wenyewe watawaangalia wale wajane vizuri zaidi, na pengine wangefanya hivyo kwa moyo safi. Wangeweza kumteua mzee mwema wa Kiebrania awasemee. Hawakufanya hata moja katika hayo.

Kwanza, waliyachukua manung'uniko kuwa habari ya kweli. Hawakudai kwamba walalamikaji wajifunze kwanza kusema kwa upole. Pili, waliliachia kusanyiko lote lichague. Waliweka sifa zinazotakiwa, yaani sifa njema, Roho na hekima, lakini majina yakatoka kwa watu. Tatu, waliochaguliwa walikuwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa hata Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kanisa lilitazama upande ulioumia, likatoa watu huko. Nne, hao saba hawakupewa kazi ya kupeleka maoni mbele. Walikabidhiwa huduma yenyewe ya meza, na mitume wakawawekea mikono.

Angalia pia hesabu. Hawakuwa mmoja wa kuonyeshwa, walikuwa saba. Na wajane wa Kiebrania hawakulia kwamba sasa wao ndio watasahauliwa. Luka anaeleza kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilizidi kuenea na wanafunzi wakaongezeka sana Yerusalemu. Kugawana madaraka hakukulidhoofisha kanisa.

Ukiweka kiti cha 1924 kando ya meza ya Matendo 6, tofauti inaonekana. Wote wawili, gavana na mitume, walikuwa wamesikia malalamiko. Gavana alijibu kwa kuchagua mtu wa kusema juu ya walioumia. Mitume walijibu kwa kuwaachia watu wachague, na waliochaguliwa wakapewa kazi na mamlaka yake.

Katika vikao vyetu

Sisi tunaosoma haya hatutungi sheria za nchi, lakini tuna mabaraza ya wazee, kamati za maendeleo, sinodi na mikutano mikuu ya mwaka. Humo tunaamua pesa za sadaka ziende wapi, nani asaidiwe karo, ibada ianze saa ngapi na iendeshwe kwa lugha gani. Tunaamua pia vijana wafanye nini, mara nyingi bila kijana yeyote kuwapo, au akiwapo mmoja aliyechaguliwa kwa sababu hapingi. Tunaamua namna ya kuwatunza wajane, na walioketi ni wanaume wenye wake zao nyumbani. Tunajenga madhabahu yenye ngazi tano, na mshirika wa kiti cha magurudumu anaiona akiwa amekaa chini. Mara nyingi hakuna nia mbaya hata kidogo. Hata 1924 wengi hawakuwa na nia mbaya.

Katika kila uamuzi tunaweza kuuliza maswali matatu. Uamuzi huu utamwangukia nani kwanza? Je, yupo hapa, na alichaguliwa na nani? Akisema hapana, hapana yake itahesabiwa au itaandikwa tu katika kumbukumbu za kikao?

Maswali haya yanachosha. Yanarefusha vikao, na wakati mwingine yanaleta mezani watu tusiokubaliana nao. Mwakilishi wa kweli atasema mambo ambayo sisi tungeyasema kwa namna nyingine, na pengine atakosea. Lakini makosa yake yatakuwa ya watu waliomtuma, nao wataweza kumrekebisha. Makosa ya Arthur na Beecher hayakuwa na wa kuyarekebisha, ndiyo maana yaliishia katika mafarakano.

Katika makusanyiko mengi ya mjini, wafanyakazi wa nyumbani huja ibada ya kwanza alfajiri, kwa sababu saa nne lazima wawe wamerudi jikoni. Siku baraza litakapopendekeza ibada hiyo ifutwe kwa kuwa mahudhurio ni machache, pengine mzee mmoja mwema atasimama kuwatetea. Tumshukuru. Kisha tuahirishe uamuzi kwa wiki moja, tutangaze jambo hilo katika ibada yao wenyewe, na tuwaombe wachague wawili au watatu waje kuketi nasi, kwa saa ambayo wao wanaweza kuja.